Kipuri Kisomwe Kabla ya Kupewa Jina

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mafundi na wakusanyaji wa rili kongwe za uvuvi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu mafundi, ndugu wakusanyaji, na ninyi wageni mliokuja kwa sababu tu mnalo nyumbani kopo la vyuma ambavyo hamjui ni vya nini:

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie namna ya kupanga na kutambua vipuri vya zamani vya rili, zile mashine zinazokunja mshipi wa kuvulia, na nimeona nisitumie muda wenu kuusifu uzuri wake, kwa maana kama msingekuwa mnaupenda msingekuwa hapa. Nina hoja moja, nayo nitaizunguka kutoka pande kadhaa. Hoja yenyewe ni kwamba kipuri tunakipa jina mapema mno. Tunakiokota, tunakitupia jicho, tunasema "hiki ni cha Penn" au "hiki ni cha Mitchell", na kuanzia hapo hatukioni tena kile kilichomo mkononi. Tunaliona lile jina. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukuta kisanduku chenye lebo nzuri ya kiwanda fulani, na ndani yake gia ambayo kiwanda hicho hakikuitengeneza hata siku moja?

Basi tuanze na kopo lenyewe, kabla ya kulimwaga mezani.

Bibi mmoja aliwahi kuniletea kopo la marehemu mumewe, ambaye alikuwa akitengeneza rili za wenzake, na akaniomba radhi kwa uchafu wake. Nilimshukuru kwa kutolisafisha. Ndani ya bonge la grisi iliyokauka kulikuwa na bamba la ubavuni, na juu ya bamba hilo ulimi unaoizuia gia isirudi nyuma, na springi yake ndogo ikiwa bado imekaa mahali pake, mguu mmoja ukiegemea ulimi na mwingine ukiwa umeingia katika kitundu cha bamba. Vitu hivyo vitatu vilikuwa vikieleza habari moja. Kama vingelowekwa kwenye mafuta ya taa pamoja na vingine vyote, tungebaki na bamba, na ulimi, na springi, kila kimoja kikiwa yatima. Chini kabisa kulikuwa na bahasha za karatasi zenye anwani ya muuzaji wa Marekani, na anwani hiyo haikuwa na ule msimbo wa posta wa tarakimu 5 ambao nchi hiyo iliuanzisha mwaka 1963. Bahasha hazithibitishi umri wa kilichomo, kwa kuwa muuzaji huweza kumalizia bahasha zake za zamani kwa miaka mingi, lakini zilitupa mahali pa kuanzia, na mahali pa kuanzia ni jambo kubwa.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu: piga picha kabla ya kugusa. Vilivyokutwa pamoja vikae pamoja, katika trei moja, mpaka sababu ya kuvitenganisha ipatikane. Usafishaji uje baadaye, nao uwe wa upole, kwa mafuta ya taa na brashi laini. Amonia isikaribie shaba nyeupe, kwa kuwa huipasua pale ilipokunjwa au kufinywa. Washa za breki za zamani, yaani vile visahani vyembamba vyenye tundu vinavyosuguana ndani ya rili, zisikwanguliwe wala kupigwa msasa zikiwa kavu, maana baadhi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto halistahili kuvutwa kwa ajili ya rili yoyote, hata iwe nadra kiasi gani.

Sasa kopo limemwagwa. Tunapanga kwa lipi? Wengi hupanga kwa kiwanda, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mimi husema tupange kwanza kwa kazi. Gia kuu zote pamoja, gia ndogo zinazozungusha spuli, ile sehemu inayokunjiwa mshipi, pamoja, ndimi pamoja, springi pamoja, mikono ya kuzungushia pamoja, washa pamoja, skrubu pamoja. Kazi ya kipuri inaonekana katika umbo lake, na umbo halidanganyi kirahisi. Kiwanda hakionekani, kiwanda kinabuniwa.

Mtaniuliza kama viwanda vyenyewe vilifikiri hivyo. Tazameni Penn, kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze. Vipuri vyake vina nambari za sehemu mbili zenye kistari katikati. Sehemu ya kwanza hutaja kazi: 5 ni gia kuu, 13 ni gia ndogo, 10 ni ile nyota ya kukazia breki, 15 ni mkono wa kuzungushia, 29 ni spuli. Sehemu ya pili hutaja modeli. Kwa hiyo 5-60 ni gia kuu inayobeba nambari ya modeli ya Long Beach 60, na 15-60 ni mkono unaobeba nambari hiyohiyo. Mmeona mpangilio wake? Kazi imetangulia, modeli imefuata. Tena modeli iliyotajwa si lazima iwe ndiyo pekee inayokitumia kipuri hicho, kwa sababu kiwanda kilipotoa rili mpya hakikuwa na haja ya kuchonga upya kila kitu. Kilichukua kipuri kilichokwisha kufaa na kukiweka katika mwili mwingine, kikiwa na nambari yake ileile. Namjua fundi aliyekaa na rili moja ya Penn isiyo na gia kwa muda mrefu, akitafuta kipuri chenye nambari ya modeli yake, ilhali gia aliyoihitaji ilikuwa kwenye droo yake mwenyewe chini ya lebo ya modeli nyingine. Hakuwa mzembe hata kidogo. Droo zake zilikuwa safi kuliko za yeyote ninayemfahamu, lakini zilipangwa kwa swali lisilofaa.

Na kuna tatizo la majina yaliyopakwa juu. Rili za Mitchell zilitengenezwa Cluses, Ufaransa, na Carpano & Pons, lakini nyingi zilizouzwa Marekani zina jina la Garcia, aliyekuwa msambazaji wake. Jina la Garcia hulikuta pia kwenye rili za Abu zilizotoka Svängsta, Uswidi. Ukipanga kwa jina lililoandikwa, utaziweka rili za nchi mbili, zisizochangia hata skrubu moja, katika droo moja. Ukipanga kwa kazi, kisha kwa kipimo, zitajitenga zenyewe.

Hapo tumefika kwenye kipimo, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kazi yenyewe.

Historia ya rili inarudi tena na tena mlangoni kwa watengeneza saa. Rili za Kentucky, ambazo mzunguko mmoja wa mkono ulizungusha spuli mara nne, zilianza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo hilo. Cluses iko katika bonde ambalo watu wake waliishi kwa kutengeneza saa na vipande vyake. Na Abu ni kifupi cha AB Urfabriken, maana yake kiwanda cha saa, kilichoanzishwa mwaka 1921. Je, mtu aliyezoea kuchonga gia ya saa ya mfukoni atakubali kazi ya kukadiria? Rili ilitoka katika mikono inayopima, nayo haitambuliki kwa mikono inayokadiria.

Nichukue mfano wa skrubu, kwa kuwa ndicho kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote. Katika baadhi ya rili bora za Kentucky, kila skrubu ilifanyiwa tundu lake na kutiwa alama ya tundu hilo, na skrubu ya tundu la pili haikukusudiwa kuingia katika la tatu. Hizo ni za mafundi waliofanya kazi moja moja. Viwanda vilipokuja vilileta viwango, lakini kila nchi na chake. Mwanafunzi mmoja wa ufundi aliniwekea mezani skrubu tatu za kichwa kimoja, urefu mmoja na rangi moja, akasema ni za rili moja. Tulizipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo. Ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha milimita 3.5, ya pili 3.5 na ushei, ya tatu 3.6. Kwa jicho ni moja. Hata kwa kalipa, ukizingatia uchakavu, unaweza kudanganyika. Lakini tulipoweka geji ya nyuzi, yaani bamba lenye meno la kupimia umbali kati ya uzi na uzi wa skrubu, kila moja ilisema kwao. Ya kwanza ilikuwa na umbali wa milimita 0.6 kutoka uzi hadi uzi, kwa hiyo ni ya metriki, M3.5. Ya pili ilikuwa na takribani milimita 0.79, yaani nyuzi 32 kwa inchi, nayo ni ya Marekani, namba 6. Ya tatu ilikuwa na milimita 0.66, nayo ni ya Uingereza, 4BA, ambayo hata pembe ya uzi wake ni tofauti, digrii 47.5 badala ya 60.

Ndugu zangu, mnafahamu kinachotokea skrubu ya Marekani inapolazimishwa katika tundu la Kifaransa. Inaingia! Hiyo ndiyo hatari yake. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, na fundi anaridhika. Kisha bamba la alumini linapoteza nyuzi zake, na kuanzia hapo hata skrubu halali haishiki tena. Nawasihi: skrubu isiyoingia kwa vidole mizunguko mitatu ya kwanza isiguswe na bisibisi. Na ikikataa kufunguka, jiulize kwanza kama si ya nyuzi za kushoto, kwa sababu hizo huwekwa kwa makusudi pale ambapo mzunguko wa kawaida ungeilegeza nati.

Gia nazo zina mtego wake. Wote tunahesabu meno, na ni vizuri. Meno ya gia kuu ukiyagawanya kwa meno ya gia ndogo unapata uwiano wa rili. Weka alama ya wino kwenye jino la kwanza, la sivyo utahesabu jino moja mara mbili. Lakini idadi ya meno peke yake haitoshi. Chukueni gia mbili za meno 30. Moja ina kipenyo cha nje cha milimita 16. Ongeza 2 kwenye 30, ugawanye 16 kwa 32, unapata 0.5, ambayo ndiyo moduli yake, kipimo cha ukubwa wa jino katika viwanda vya metriki. Nyingine ina kipenyo cha milimita 16.9. Hiyo ni ya kipimo cha inchi, yenye meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo cha duara la meno. Idadi ni ileile, na tofauti ni pungufu ya milimita moja, lakini gia hizo zikikutanishwa zitalia, zitakwama, na mwisho moja itaila nyingine. Kama meno yamelala kwa mshazari, tazameni pia yamelalia upande gani, kwani katika mihimili iliyo sambamba gia zinazoshikana lazima moja ilalie kulia na nyingine kushoto. Ndiyo sababu naonya kuhusu rili pacha: Mitchell 300 ina mkono wa kuzungushia upande wa kushoto na 301 upande wa kulia. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, lakini ndani mzunguko umegeuzwa, na kufanana kwa macho kusimridhishe yeyote.

Springi ndiyo inayoonewa zaidi. Watu hupima urefu wake wakadhani wamemaliza. Pima unene wa waya, pima kipenyo cha nje, hesabu mizunguko, andika imesokotwa kuelekea upande gani, na uchore miguu yake inavyokaa. Kwa nini nasisitiza unene wa waya? Kwa sababu ugumu wa springi hukua kwa kipeo cha nne cha unene huo. Springi ya waya wa milimita 0.9 ikiwekwa mahali pa ile ya 0.8, mengine yote yakiwa sawa, ina ugumu unaozidi kwa takribani asilimia 60. Mtumiaji wa rili hiyo atalalamika kwamba ulimi unakula meno ya gia, na fundi atabadilisha gia, na gia mpya italiwa vilevile. Sehemu moja ya kumi ya milimita ndiyo iliyoleta yote hayo.

Baada ya kazi na kipimo ndipo mata, yaani kile ambacho kipuri kimetengenezwa nacho, na alama zinapopata nafasi ya kusema. Kuhusu mata sitakawia. Sumaku hutenga chuma na shaba, ingawa chuma kingi kisichoshika kutu hakivutwi nayo, kwa hiyo sumaku iseme neno la kwanza tu. Bamba jeusi lililofifia kuwa la kahawia au kijani cha mzeituni huenda ni eboniti, ambayo ni mpira uliogandishwa kwa salfa. Lisugue kwa kidole gumba hadi lipate joto, nalo litatoa harufu ya salfa. Bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, hutoa harufu kali ya dawa ya kuulia vijidudu. Kinachonukia kafuri ni seluloidi. Jaribio la sindano ya moto, ambalo bado naliona likisifiwa, liachwe kabisa, kwa sababu seluloidi hushika moto kwa kasi isiyokupa nafasi ya kujuta. Maji ya moto nayo huharibu rangi ya eboniti pasipo kurekebishika.

Alama zinahitaji muda zaidi. Mkusanyaji mmoja, mtu makini, aliniletea bamba la rili ya Marekani lenye nambari ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) iliyozidi milioni moja kidogo, akaniambia kwa furaha kwamba ni bamba la mwaka 1911. Hakukosea kuhusu nambari: hataza ya Marekani namba 1,000,000 ilitolewa mwaka 1911, kama namba 2,000,000 ilivyotolewa mwaka 1935 na 3,000,000 mwaka 1961. Lakini hataza inatuambia nini hasa? Inatuambia kwamba kipuri hakikupigwa nambari hiyo kabla ya mwaka ule. Haituambii kilipigwa lini. Wakati huo hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, na mtengenezaji hakuwa na sababu ya kuacha kuitangaza. Nikamwomba tulitazame bamba dirishani, kando ya kipande ambacho kwa hakika kilikuwa cha nikeli. Cha nikeli kilikuwa na mng'ao wenye umanjano kidogo. Lile bamba lilikuwa na ubluu baridi wa kromu, na uchovyaji wa kromu haukuingia viwandani kibiashara hadi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo hataza iliweka ukuta wa kwanza, kromu ikausogeza mbele, na mwisho wa hataza ukatupa makadirio ya upande wa pili: bamba la nusu ya pili ya miaka ya 1920, isipokuwa kama lilichovywa upya baadaye. Alihuzunika kidogo kupoteza miaka yake 15, lakini nadhani aliondoka na bamba lenye thamani zaidi, kwa kuwa sasa alijua analijuaje.

Kwa namna hiyohiyo, skrubu yenye kichwa cha msalaba katika rili ya mwanzoni mwa karne ya 20 inatuambia kuna mkono uliopita baadaye, kwani hataza za Henry Phillips ni za mwaka 1936. Nambari zilizo chini ya mguu wa rili za Abu za jina la Ambassadeur za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 husomeka mwaka kwanza na mwezi baadaye, hivi kwamba 7803 mwanzoni ni Machi 1978. Lakini hiyo ni tarehe ya mguu, na miguu hubadilishwa. Na tarakimu moja au mbili ndogo zilizogongwa kwa mkono ndani ya mabamba mawili ya rili kongwe, zikifanana, aghalabu si nambari za modeli. Ni alama za kiwandani za kuonyesha kwamba mabamba haya yalilinganishwa pamoja na yasiachane. Mimi hukasirika, nakiri, ninapoona mabamba ya namna hiyo yakiuzwa moja moja.

Je, vile vinavyobaki? Maana vitabaki. Baada ya kazi, kipimo, mata na alama, bado kutakuwa na trei ya vipuri vilivyokataa kujieleza. Trei hiyo si aibu. Aibu ni kuvibatiza majina ili trei iwe tupu. Ninapendekeza lebo ya kila kipuri iandikwe kwa penseli na kwa mpangilio huu: kazi yake, vipimo vyake, mata yake, kilikutwa na nini, na mwishoni kabisa, kama lipo, jina la rili. Mbele ya jina liandikwe neno moja kati ya matatu: "kimejaribiwa", kama kimewekwa ndani ya rili hiyo na kikafanya kazi, "kimelinganishwa", kama kimefananishwa na kingine kinachojulikana au na mchoro wa kiwanda, "kinadhaniwa", kama ni maoni tu. Mtu atakayeirithi droo yako atajua aamini kipi na akipime upya kipi.

Masanduku manne mliyoyaleta yako kwenye meza za nyuma, na hayajamwagwa. Mwenye kamera atangulie, wenye kalipa na geji za nyuzi wakae wawili wawili, na naomba nusu saa ya kwanza asitaje mtu jina la kiwanda chochote.